Zaka ya Sherehe



Kila mwaka, Jumapili ya nne ya Pasaka, makanisani mwetu husomwa Injili ya Mchungaji Mwema, na siku hiyo Wakatoliki duniani kote huombea miito. Papa Paulo wa Sita ndiye aliyeianzisha siku hiyo, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiwa bado haujamaliza kazi yake. Tunamwomba Mungu atupatie mapadre, mabruda na masista. Tunaomba kwa moyo, tunaimba, tunatoa sadaka, kisha tunarudi makwetu. Leo ningependa tuyazungumze yanayofuata baada ya ile amina. Anayeomba mgeni aje, lazima ajue mgeni huyo atalala wapi na atakula nini.

Nitasema moja kwa moja ninachotaka kusema. Sisi Wakatoliki wa Tanzania ni hodari wa kumtegemeza padre siku moja, nayo ni siku ya upadrisho wake. Siku zilizotangulia na siku zitakazofuata tunawaachia wengine. Na sista, hata hiyo siku moja yake huwa ndogo.

Tuitazame siku yenyewe. Asubuhi uwanja wa kanisa umefurika. Shemasi amelala kifudifudi mbele ya altare, waamini wanaimba litania ya watakatifu, jina baada ya jina. Askofu anamwekea mikono kichwani bila kutamka neno, na mapadre wote waliopo wanafuata, mmoja mmoja, hadi unachoka kuhesabu. Anavishwa stola na kasula, anapakwa krisma takatifu viganjani. Mama yake analia waziwazi, baba anajikaza kiume. Mchana shughuli inahamia chini ya maturubai. Mshereheshaji anashika kipaza sauti: "WAWATA wapite na zawadi yao!" Akina mama hao Wakatoliki wanapita wakicheza katika vitenge vya sare, godoro kichwani, mashuka begani, sufuria mkononi. UWAKA, yaani wanaume, wanaingia na ndama anayevuta kamba kurudi nyuma. Jumuiya ndogondogo zinapita na bahasha. Mwisho inasukumwa pikipiki mpya, imefungwa utepe, na vigelegele vinapasua anga.

Mcheza kwao hutunzwa. Sina ugomvi na sherehe hiyo hata kidogo. Kijana amejitoa maisha yake yote, na watu wake wana haki ya kufurahi. Ugomvi wangu ni na hesabu zetu. Kamati imekaa miezi mingi, imechangisha mamilioni, na karibu yote yamekwisha kabla jua halijazama. Sasa jiulize: miaka yote kabla ya siku hiyo, kijana huyu alikuwa akilishwa na nani?

Sheria ya Kanisa inadai angalau miaka sita ya masomo, miwili ya falsafa na minne ya teolojia. Kwetu uongeze mwaka wa malezi ya kiroho na mwaka wa mazoezi ya kichungaji, na kwa wengi uongeze pia miaka ya seminari ndogo, iwe Rubya, Kaengesa, Likonde, Uru au Visiga. Kisha fikiria seminari kuu yenyewe, iwe Ntungamo, Kibosho, Kipalapala, Peramiho au Segerea. Ni nyumba iliyojaa vijana wa kiume wenye umri wa kula. Unga na maharage vinaingia kwa magunia. Kuna umeme, maji, dawa za malaria, vitabu, walezi na walimu. Mzazi mkulima anatoa anachoweza, jimbo linatoa lake, shamba na mifugo ya seminari vinasaidia. Pengo linalobaki, kwa miaka mingi, limekuwa likizibwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tanzania.

Hapa nina kisa cha kuwasimulia, na kinaanzia Japani.

Katika karne ya 17 watawala wa Japani waliupiga marufuku Ukristo. Mapadre waliuawa au walifukuzwa, hadi hakubaki hata mmoja. Waamini wa Nagasaki na vijiji vyake wakajificha. Kwa zaidi ya miaka 200 walibatizana wenyewe kwa wenyewe na kurithishana sala kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, usiku, kwa kunong'ona. Lakini Misa hawakuwa nayo. Kitubio hawakuwa nacho. Mgonjwa alikufa bila mpako. Mwaka 1865 wakulima wachache walimwendea padre Mfaransa, Bernard Petitjean, katika kanisa jipya la Oura lililojengwa kwa ajili ya wageni, wakamjulisha kwa siri kwamba imani yake na yao ni moja. Vizazi na vizazi vilikuwa vimepita bila kumwona padre.

Sasa, msikilizaji, utaelewa kwa nini askofu aliyekuwa Nagasaki, Jules-Alphonse Cousin, alikuwa na hofu mwaka 1889. Alijiuliza: mateso yakirudi, wageni tukafukuzwa tena, watu hawa watabaki na nani? Alihitaji mapadre Wajapani. Vijana aliwapata. Fedha za kuwalea hakuwa nazo. Akaandika barua hadi mji wa Caen, Ufaransa, kwa mwanamke kijana aitwaye Jeanne Bigard, aliyekuwa akiishi na mama yake mjane, Stéphanie. Akina mama hao wawili hawakuwa na cheo chochote katika Kanisa. Walijinyima, wakauza walivyokuwa navyo, wakapita kuchangisha, ili kijana wa Kijapani ambaye hawatamwona kamwe asomee upadre. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, ambalo mwaka 1922 Papa Pius wa Kumi na Moja alilifanya kuwa Shirika la Kipapa. Hadi leo linasaidia seminari katika nchi za misioni, na seminari zetu zimo.

Wakati akina mama hao wanapita na daftari lao la michango, huku kwetu mbegu ilikuwa ardhini. Mwaka 1913, pale Villa Maria nchini Uganda, Bazilio Lumu na Victoro Mukasa walipewa upadre. Mwaka 1917 Tanganyika nayo ikapata mapadre wake wa kwanza wazalendo, huko upande wa Bukoba, vita vya dunia vikiwa bado vinaunguruma. Miaka 26 baadaye, mwaka 1943, kijana wa Kihaya aliyepitia Rubya na seminari kuu ya Katigondo, Laurean Rugambwa, akawa padre. Mwaka 1960 akawa Kadinali wa kwanza Mwafrika. Seminari zilizowalea hao zilisimama kwa jasho la wamisionari na la waseminari wenyewe, na kwa sadaka za waamini wa mbali. Senti ya bibi mmoja wa kijijini Ulaya imo ndani ya kila Misa tunayosomewa leo.

Na gurudumu limezunguka. Mwaka 2012 aliyeteuliwa kuwa Rais wa Mashirika yote ya Kipapa ya Kimisionari alikuwa Mtanzania, Protase Rugambwa, ambaye mwaka 2023 alifanywa Kadinali. Mapadre na masista wetu wanahudumu Ulaya na Marekani, katika parokia ambazo zamani zilituma wamisionari kwetu. Wale mabibi waliokuwa wakituchangia wamezeeka, wengi wamekufa, na wajukuu zao hawaingii kanisani kama wao. Tukiendelea kungoja bahasha itoke kwao, tutakuwa tunangoja kwenye mlango wa nyumba iliyohamwa.

Mtaguso ulisema wazi mwaka 1965 kwamba kukuza miito ni wajibu wa jumuiya nzima ya Kikristo, na Sheria ya Kanisa ikalirudia hilo katika kanuni ya 233: familia, walimu, mapadre, maaskofu, wote. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni kazi ya wafadhili.

Tugeukie upande wa masista, maana hapa ndipo tunapojisahau zaidi.

Wengi tunachanganya mambo. Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara. Anaahidi useja, anaahidi utii kwa askofu wake, na mali yake halali ni yake. Mtawa, awe sista, bruda au padre wa shirika, ndiye anayeweka nadhiri ya ufukara. Sista mwalimu au muuguzi akipokea mshahara, mshahara huo unaingia kwenye mfuko wa shirika, na kutoka mfuko huo wanakula wote: mnovisi ambaye bado yuko malezini, sista anayesoma chuo, na sista mzee ambaye hatoki tena kitandani. Na malezi yao si ya mwezi mmoja. Unovisi haupungui miezi 12, nadhiri za muda hazipungui miaka mitatu, ndipo nadhiri za daima. Miaka yote hiyo binti yule anakula, anavaa, anaugua, anasoma.

Mtazame sista wa zahanati ya kijijini. Saa nane usiku mlango wa konventi unagongwa. Mjamzito ameletwa kwa bodaboda, katikati ya dereva na mama mkwe. Sista anafunga shela gizani, anachukua tochi, anafungua chumba cha kujifungulia. Mtoto anazaliwa salama. Anamfunga kitovu, anamvika, anamweka kifuani pa mama, anapiga deki sakafu. Saa kumi na moja na nusu yuko kanisani na wenzake kwa masifu ya asubuhi. Saa mbili foleni ya wagonjwa imeshafika kwenye mti. Mume wa yule mama anakuja kuuliza bili, anaambiwa, anasema: "Sista, nitaileta mavuno yakitoka." Mavuno yanatoka. Bili haiji.

Jumapili, wakati wa sadaka, kapu linapita kwa ajili ya parokia. Kwa ajili ya masista halipiti kapu. Ndiyo maana wanafuga nguruwe, wanashona kanzu na kasula, wanaoka hosti, wanaendesha shule za awali. Ukienda Chipole, ukienda Mgolole, ukienda Huruma kule Kilimanjaro, utakuta mikono inayofanya kazi tangu alfajiri. Basi msikilizaji, kama mtoto wako anasoma shule ya masista, njia ya kwanza ya kuwategemeza ni kulipa ada kwa wakati. Kama ulitibiwa kwao kwa mkopo, lipa. Hiyo haihitaji kamati wala mshereheshaji.

Turudi kwa yule padre mpya. Zawadi zimeisha, barua ya askofu imekuja: anapelekwa paroko msaidizi, parokia ya mbali yenye vigango kumi na zaidi. Sheria inaruhusu padre kuadhimisha hadi Misa tatu Jumapili pale hitaji la kichungaji linapodai, na huko kwenye vigango hitaji linadai kila wiki. Pikipiki ile yenye utepe inapasua matope. Sadaka ya kigango kimoja pengine haitoshi mafuta ya kwenda na kurudi. Anafika, anasikiliza maungamo, anaadhimisha Misa, anabatiza, anasuluhisha ndoa mbili, anakunywa uji, anaondoka. Jioni anarudi kwenye nyumba ambayo mara nyingi haina mtu. Usiku ule unaweza kuwa mrefu, na ni katika usiku kama huo baadhi ya mapadre wamepotea. Familia ikimpigia simu kumjulia hali tu, bila kuomba kitu, imemtegemeza.

Nimesema bila kuomba kitu, na nimekusudia. Koo nyingi zikipata padre huona zimepata benki. Ada ya mtoto wa dada, bati za mjomba, mahari ya mdogo wake, matibabu ya shangazi, vyote vinaelekezwa kwake. Akisema hana, anaambiwa: "Na zile sadaka je?" Ndugu zangu, sadaka zile si zake. Kijana mwadilifu anabanwa kati ya ukoo unaolalamika na sanduku la parokia lililo chini ya ufunguo wake. Ukoo unaomsukuma padre hapo haumpendi. Anayemtakia mema amwambie mapema: "Baba, sisi tutajitegemea, wewe fanya kazi ya Mungu."

Kisha miaka inakwenda. Paroko akitimiza miaka 75 anaombwa na Sheria ya Kanisa amwandikie askofu barua ya kung'atuka. Huyu hana mke, hana watoto, na kwa kawaida hana nyumba. Magoti yaliyopiga pikipiki miaka 40 yamechoka. Sukari imepanda, mtoto wa jicho ameingia machoni. Kanuni ya 281 inadai apate matunzo anapougua, asipojiweza au anapozeeka, na kanuni ya 1274 inataka kila jimbo liwe na mfuko wa kuwategemeza mapadre wake. Mfuko, ndugu msikilizaji, haujijazi wenyewe. Nenda siku moja kwenye nyumba ya mapadre wazee. Utakuta kitanda, redio ndogo, breviari iliyochakaa kingo, na mzee anayekuuliza jina la baba yako, kisha anakuambia: "Huyo nilimbatiza mimi." Amebatiza maelfu. Wanaomtembelea ni wachache mno.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, lisije likaeleweka vibaya. Kumtegemeza padre si kumfichia maovu. Ukiona fedha za parokia hazisomwi, uliza kwenye halmashauri ya walei, kwa heshima lakini kwa sauti. Ukijua mtoto amedhuriwa, usinyamaze kwa kisingizio cha kulinda jina la Kanisa. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia ya wazi ya kupokea taarifa za namna hiyo. Anayenyamaza anamwangusha padre, anamwangusha mtoto, na anawavunja moyo vijana waliokuwa wakifikiria mwito. Padre mwema hafichwi chochote na waamini wake, wala hawafichi chochote.

Na nyumbani je? Baba akiambiwa na mwanawe wa pekee, "Nataka kwenda seminari," hushtuka. Jina la ukoo litabebwa na nani? Mama akiambiwa na binti yake msomi, "Nataka kuwa sista," hulia, na si machozi ya furaha. Siwalaumu. Kwa mila zetu mtoto ni uzee wa mzazi na ni uzao wa ukoo; kumtoa ni kutoa kweli. Ila nawasihi wasimzibie njia kabla hajajaribu. Na nawasihi upande wa pili pia: kijana akirudi kutoka seminari, binti akirudi kutoka unovisi, apokelewe kwa mikono miwili. Malezi yapo ili watu wachunguze, na anayegundua kwamba njia yake ni nyingine amefanya vizuri. Rais wetu wa tatu, Benjamin Mkapa, alipita seminari ya Kigonsera. Walimu, madaktari na mahakimu wangapi wa nchi hii walijifunza nidhamu ya kusoma na kusali huko huko? Kijiji kinachomcheka anayerudi kinawafundisha wadogo zake wasithubutu kwenda.

Sasa tufanye nini? Nina pendekezo moja, na naomba lijadiliwe kwenye jumuiya zetu ndogondogo wiki hii.

Kila sherehe ya upadrisho, ya nadhiri au ya jubilei itoe zaka. Kamati ikikusanya shilingi milioni 20, milioni mbili zitengwe kabla ya kununua hata kilo moja ya mchele. Nusu iende kuwalea waseminari na wanovisi, nusu iende kwa mapadre na watawa wagonjwa na wazee, kwa bima yao ya afya kwanza. Fedha zipite kwa paroko na mkurugenzi wa miito wa jimbo, kwa stakabadhi, na zisomwe kanisani Jumapili inayofuata. Zisipenyezwe mfukoni mwa frateri tunayemjua, maana hapo tutaanza kuwagawa vijana kati ya wenye wafadhili na wasio na mtu.

Sherehe haitaharibika. Ng'ombe atapungua mmoja, keki itapungua ghorofa, na hakuna mgeni atakayelala njaa. Padre mpya naye ataanza utume wake akijua kwamba siku yake ya furaha imemlipia ada mdogo wake aliye Kibosho na imemnunulia dawa mzee aliyembatiza.

Wapo watakaosema zaka hiyo ni ndogo mno. Ni ndogo, kweli. Lakini parokia moja ikianza, nyingine itaona haya kubaki nyuma, na jimbo lenye upadrisho kila mwaka litakuwa na mfuko usiotegemea barua ya kuomba ng'ambo. Mwenyekiti wa jumuiya unayenisikiliza, ajenda unayo. Mweka hazina, kalamu unayo.